Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Lamu ya Watu Wangapi?

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zetu, vijana na wanachama wote mliovuka maji kutoka Faza, Kizingitini na Mokowe, pamoja na wenyeji wetu wa hapa mjini: ahsanteni kwa kuitikia mwito. Wenzetu waliotutangulia mbele ya haki mwaka huu tumewasomea Fatiha, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na mahudhurio ya vikao yamo katika daftari la katibu, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote: idadi ya watu ambayo serikali itaishika mkononi itakapokaa kutupangia maji, shule na hospitali.

Kwa nini jambo hili, na kwa nini sasa? Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti unaotumika leo ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaanza 2028. Sensa yetu hufanywa kila baada ya miaka kumi. Ya mwisho ilikuwa Agosti 2019, na kwa utaratibu huo ijayo inaangukia 2029. Maana yake mpango wa 2028 utaandikwa kabla watu hawajahesabiwa tena. Kila darasa, kila kitanda cha wagonjwa na kila lita ya maji ya miaka mitano ile itategemea makisio yaliyojengwa juu ya hesabu ya 2019. Aliyekosa kusema wakati makisio yanapoandaliwa atakuja kulalamika foleni ya kisimani, na foleni haibadilishi hesabu.

Nianze na yanayojulikana. Sensa ya 1999 ilikuta watu 72,686 Lamu. Ya 2009 ikakuta 101,539, na ya 2019 ikakuta 143,920. Kati ya sensa hizi mbili za mwisho tumeongezeka kwa kiasi cha asilimia 3.5 kila mwaka, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 2.2. Mahali panapokua kwa asilimia 3.5 hujikuta pamekuwa maradufu kwa miaka ishirini tu.

Sasa tutazame 2029, na hapa naomba kila mmoja anifuate kwa makini, hasa walimu wetu. Tukisema kasi ya asilimia 3.5 itaendelea vilevile, tutakuwa karibu 204,000. Tukisema wataongezeka watu walewale 42,381 walioongezeka muongo uliopita, bila kasi yenyewe kuzaana, tutakuwa kama 186,300. Tukisema Lamu itashuka hadi kasi ya nchi nzima, tutakuwa karibu 179,000. Sensa ni ileile, karatasi ni ileile, na majibu matatu yamepishana kwa watu 25,000. Mhesabieni kila mmoja wa hao lita 50 za maji kwa siku: ni lita 1,250,000 kila kukicha. Kwa mji unaokunywa maji yaliyohifadhiwa na mchanga wa Shela, hiyo si tofauti ya kuandikwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Ndiyo sababu kamati yenu imekataa namna ya kuuliza “idadi ni ngapi?” tu. Makisio si utabiri. Mtaalamu hachungulii mwaka 2029. Anachosema ni kwamba ikiwa uzazi utakuwa hivi, vifo hivi, na wanaohamia na kuhama hivi, basi idadi itakuwa hii. Huwachukua watu wa 2019 kwa rika zao, wanawake kwa wanaume, akawasogeza mbele mwaka baada ya mwaka: walio na miaka 10 leo watakuwa na 15 baada ya miaka mitano, ukiwatoa waliofariki na waliohama. Kisha huwazalisha wanawake wa rika la uzazi kwa kiwango alichokichagua. Hesabu yenyewe kijana wetu yeyote wa sekondari anaiweza. Ubishi wote uko kwenye yale “ikiwa” matatu, na hayo ndiyo tunayotaka tuandikiwe waziwazi.

Kuna sehemu ya makisio iliyo imara na sehemu iliyo laini. Watoto watakaoingia gredi ya kwanza 2029 wamekwisha kuzaliwa. Mpangaji anayeshangazwa na idadi yao ameshindwa kuhesabu watoto anaopishana nao mtaani. Wazee wa 2040 nao tunao leo. Lakini watoto watakaoingia shule 2036 bado mama zao hawajawabeba, na huko ndiko kiwango cha uzazi kinakoamua.

Katika uzazi Kenya ina fundisho lake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uchunguzi ulionyesha mwanamke wa Kenya huzaa kwa wastani watoto 8.1, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kufikia 1998 kilishuka hadi 4.7. Aliyechukua rula akaendeleza mstari ule aliona uzazi utaporomoka upesi. Uchunguzi wa 2003 ukaleta 4.9: mteremko ulikuwa umesimama. Ulirudi baadaye, 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022, lakini watoto wa kipindi kile cha kusimama walizaliwa, wakaenda shule, na leo wanatafuta kazi. Upande wa vifo nako, waliokisia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakuujua ukimwi, uliokuja kufupisha maisha ya watu wetu miaka ya 1990. Hata Umoja wa Mataifa, wenye wataalamu na mashine zote, ulisema 2022 kwamba dunia itafikia kilele cha watu bilioni 10.4, mwaka 2024 ukasema bilioni 10.3. Kujisahihisha hivyo ni sifa ya kazi njema, nasi tunaitaka hapa kwetu: makisio yarekebishwe kila habari mpya zinapopatikana, yasingojee miaka kumi.

Tena tushukuru kwamba tunao msingi wa kuanzia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haijafanya sensa tangu 1984, na Nigeria tangu 2006. Huko mpangaji anakisia juu ya makisio. Sisi msingi tunao, ila una nyufa zake. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku ule. Mvuvi wa Kizingitini aliyekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi ya muda, baharia aliyelala Mombasa, mwanafunzi aliye bweni, wote wameandikwa huko waliko, na kijiji chao kikaonekana kidogo kuliko kilivyo. Umri nao: wazee wetu wengi hutaja miaka inayoishia na sifuri au tano, kwa kuwa walizaliwa kabla ya vyeti. Ukichora grafu ya rika unaona vilima kwenye 40, 50 na 60 ambavyo havimo katika maisha. Na hadi leo wako akina mama wanaojifungulia visiwani mbali na hospitali, cheti cha mtoto kikafuatwa siku anapotakiwa shuleni. Kila mtoto asiyesajiliwa ni shimo katika hesabu ya miaka ijayo. Hili liko mikononi mwetu wenyewe, wala halihitaji kumngoja mtu.

Lakini jambo kubwa la Lamu ni uhamaji, na hapa naomba mniruhusu nirefushe kidogo.

Hakuna aliyezaliwa hapa asiyejua kwamba idadi yetu imekuwa ikipanda na kushuka kwa mambo ambayo hakuna hesabu iliyoyatarajia. Vita vya shifta, waasi wa kaskazini-mashariki, vya miaka ya 1960 viliwahamisha Wabajuni kutoka vijiji vya bara na vya kaskazini, wengine hawakurudi. Miaka ya 1970 ukaja mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, na Mpeketoni ikakua kwa watu kutoka pembe nyingine za nchi. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, yaliyochukua roho za watu zaidi ya 60, na familia nyingi zikafungasha. Huko wadi ya Basuba shule zilifungwa kwa sababu ya usalama. Kwenye makisio ya kaunti nzima, mtoto wa Mangai, kijiji kimoja cha huko, bado alikuwa amekaa darasani.

Kisha bandari ya Lamu. Ujenzi ulizinduliwa Machi 2012, mipango ikizungumza gati 32, reli, bomba la mafuta na mji mkubwa mpya. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, na zilizojengwa hadi leo ni tatu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, ambao nao ungeleta maelfu ya wafanyakazi, ulinyang’anywa leseni ya mazingira Juni 2019. Mwaka 2012 mtu angeweza kukisia Lamu yenye watu mamia ya maelfu, akawa na sababu zake. Angeweza vilevile kukisia Lamu ya wenyeji waliopoteza bahari yao. Wavuvi zaidi ya 4,000 walikwenda mahakamani, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Bandari inaweza kuleta watu, na inaweza kuondoa watu. Mpango unaoandika mstari mmoja tu wa kwenda juu umekwisha kuchagua upande bila kutuambia.

Tunachodai ni hiki: makisio yatoke matatu, la chini, la kati na la juu, na kila moja liandikwe limesimama juu ya sharti gani. La juu liseme “ikiwa bandari itapanuka na barabara ya Garsen kuwa salama usiku na mchana.” La chini liseme “ikiwa uvuvi utaendelea kudhoofika.” Halafu mpangaji aeleze atafanya nini ikiwa la juu ndilo litakalotimia, na ardhi gani ataitenga mapema kwa shule na visima hata kama hatajenga leo. Ardhi ya miji yetu ya bara, Hindi na Mokowe, ikishauzwa viwanja, hakuna makisio yatakayoirudisha.

Pia idadi ishuke hadi wadi. Sensa ilikuta Lamu Magharibi watu 121,662 na Lamu Mashariki 22,258 tu. Ukichukua kasi ya kaunti nzima ukaipaka kote, utajenga madarasa Kiunga, upande wa Mashariki, yasiyo na watoto na kuwaacha watoto wa Hindi, upande wa Magharibi, chini ya mwembe. Wanachama wa Faza wamelisema hili kikao baada ya kikao, na wana haki.

Nigusie upande wa madaraka, kwa ufupi. Katika mgao wa fedha za kaunti uliopitishwa 2020, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18, kwa hiyo kila asiyehesabiwa ni hasara. Katika mipaka ya majimbo, ukigawanya Wakenya wa 2019 kwa majimbo 290, wastani ni kama watu 164,000. Lamu Mashariki haifiki hata moja ya saba ya hapo. Katiba inaruhusu kupishana na wastani kwa mahali penye watu wachache, lakini kwa kiwango maalumu, nasi tuko mbali nacho. Tutahitaji hoja za umbali, bahari na jamii ndogo kama Waaweer (Waboni), tuziandae mapema.

Na hapa niseme lililo moyoni. Katika vikao vyetu zimesikika sauti zinazotaka kuhesabu nani mwenyeji na nani mgeni. Nawaelewa wanaoogopa kumezwa. Hofu hiyo ina historia, na suala la ardhi ni la kweli na lina mahali pake. Ila kisima hakiulizi ukoo. Aliyelala Lamu anakunywa maji ya Lamu na mwanawe anahitaji chanjo ya Lamu. Tukificha watu kwenye hesabu kwa sababu hatuwapendi, tutapungukiwa dawa sote. Chama hiki hakitafanya kazi hiyo maadamu mimi ni mwenyekiti.

Yaliyofanyika mwaka huu: vijana wetu wa kompyuta wamepanga takwimu za sensa kwa wadi na kuzifafanua kwa Kiswahili, na walimu wamezipeleka kwenye mabaraza ya mitaa. Akina mama wameanza kuorodhesha watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa. Tuliandika barua kwa ofisi moja inayohusika tukiomba masharti yaliyotumika katika makisio ya mpango wa sasa. Jibu halijafika. Kamati imekubaliana kuwasilisha ombi rasmi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Mbele ya mkutano huu naweka maombi matatu, myajadili na kuyapigia kura leo. La kwanza, kila tawi liteue watu wawili wa kufuatilia usajili wa vizazi na vifo pamoja na wazee wa mitaa. La pili, wavuvi watusaidie kuandika nani huenda dago wapi na miezi gani, ili tuipeleke orodha hiyo kwa wasimamizi wa sensa kabla ya 2029. La tatu, tuchague ujumbe utakaohudhuria kila kikao cha maoni ya wananchi kuhusu mpango wa 2028, na angalau nusu yake watoke Lamu Mashariki. Nauli ya boti ya wajumbe hao imo katika makadirio ya mweka hazina, ukurasa wa pili, na ninamkaribisha sasa ayasome.