Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kupinga silaha za nyuklia, shughuli za kawaida mnazijua, tumeenda shule tatu za Temeke na mbili Kinondoni, vikao vya kamati vinne, vipeperushi 500, sitarudia.

Niende kwenye ile barua maana najua ndo mnayoisubiri. Mwezi wa nane, mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo ukiwa ndo umezinduliwa, baadhi yenu mlileta barua chama kisaini kuupinga, nikakataa bila kuitisha mkutano. Kweli sikuitisha. Barua imefika Ijumaa jioni inatakiwa Jumatatu asubuhi, ningewaita saa ngapi? Na hata ningewaita ningesema hivihivi. Ile barua ilisema tunachimba bomu, sio kweli jamani. Urani ikitoka ardhini ile aina inayopasuka na kutoa nguvu za nyuklia, U-235, ni asilimia 0.7 tu, kinu cha umeme kinataka kama 3 hadi 5, bomu linataka karibu 90, na mitambo ya kuifikisha huko sisi hatuna. Wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, wapo, na Mkataba wa Pelindaba, ule wa Afrika isiyo na silaha za nyuklia ambao nchi yetu imeuridhia, unakataza silaha, matumizi ya amani haukatazi. Hofu ya maji na vumbi kwa watu wa Namtumbo ni ya haki kabisa, hiyo nilisema iandikiwe barua yake, nikaiandika mwenyewe mpaka usiku wa manane, kurasa mbili, nikaitupia kwenye grupu, hakuna aliyejibu hata "nimeiona". Nikaitwa kibaraka, watu sita wakalefti. Imeniuma, miaka tisa nakilea hiki chama na kodi ya chumba cha vikao mara nyingi inatoka mfukoni kwangu.

Mimi nilitaka nguvu ziende kwenye mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, nchi yetu ilisaini 2019, kuridhia bado. Na hii ni nchi ya Mwalimu, ambaye 1984 aliungana na kina Indira Gandhi wa India na Olof Palme wa Sweden kuwaambia wakubwa wasimamishe mashindano ya silaha! New START nayo, mkataba wa Marekani na Urusi wa kuweka kikomo cha silaha zao za nyuklia, muda wake ni mpaka Februari 2026 tu, na hao wawili ndo wenye karibu asilimia 90 ya vichwa vya nyuklia vilivyopo, jumla vinapita 12,000.

Sasa mahudhurio. Agosti 6, miaka 80 ya bomu la Hiroshima, tulikodi viti 60 pale Mnazi Mmoja, mkaja 13. Saa mbili na robo tukasimama kimya dakika moja, wanafunzi tuliowaalika walikuwa wengi kuliko nyie, mama wa chai kashika birika lake limejaa hajui ammiminie nani, nikaona aibu.

Ada ni 10,000 kwa mwaka, tuko 64, waliolipa 21, yaani 210,000, viti na spika za siku ile peke yake zilikula 185,000.

Mwakani tunatarajia kupanua chama, ikiwezekana hata mikoani, na suala la kuridhia tutalifikisha kwa wabunge Mungu akijalia. Siku ya mkutano mkuu mhazini atakaa mlangoni na kitabu cha risiti.