Matundu ya Ruta Yakijaa

Ruta nyingi za nyumbani na za ofisi ndogo zina matundu manne ya waya, nayo huisha upesi: kompyuta ya mhasibu, printa, mashine ya kurekodi kamera za ulinzi na kompyuta ya mapokezi. Akiajiriwa mtu mwingine, wateja wetu wengi huja kuulizia ruta ya pili, ilhali kinachohitajika ni swichi, yaani kifaa cha kuongeza matundu ya waya, ambayo huunganishwa na ruta kwa waya mmoja na kuanza kazi bila mipangilio yoyote.

Hesabu iangaliwe mapema. Waya huo mmoja hula tundu la ruta na tundu la swichi, kwa hiyo swichi ya matundu matano huongeza nafasi tatu tu. Ndiyo maana sisi hupendekeza ya matundu manane hata kwa mteja anayesema nafasi tatu zinamtosha. Anayechukua ya matano kwa kawaida hurudi kutaka nafasi zaidi.

Swichi haiongezi kasi ya intaneti mnayolipia. Hata hivyo, mafaili yanayotoka kompyuta moja kwenda nyingine hapo hapo ofisini yatapita haraka zaidi kwenye swichi ya megabiti 1,000 kwa sekunde kuliko kwenye ya 100, mradi waya wenyewe uwe mzima. Kasi hiyo ya 1,000 inahitaji nyuzi zote nane zilizomo ndani ya waya. Ukikatika hata mmoja, mara nyingi vifaa hushuka hadi 100 bila kumwambia mtu. Tunatumia waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au Cat6, wa shaba tupu, usiozidi mita 100, na tunaukwepa ule wa alumini iliyopakwa shaba, ambao ni rahisi kwa bei na rahisi pia kukatika unapokunjwa.

Katika ofisi moja tuliyoitwa, mtandao wote ulikuwa umekufa huku taa zote za swichi zikimetameta kwa pamoja kama zenye wazimu. Mtu aliyefagia aliona ncha ya waya ikining'inia, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi, bila kujua kwamba ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ile ile. Ujumbe ulizunguka humo bila kikomo hadi tulipong'oa waya huo. Tangu siku hiyo hatuondoki kwa mteja kabla ya kubandika jina kwenye kila ncha.

Mnapotuita, tuambieni idadi ya vifaa na umbali kutoka ilipo ruta, ili fundi aje na waya wa kutosha.