Mkiandika Watergate msimruke mlinzi Frank Wills

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni mlinzi, mwaka wa 11 huu nalinda usiku hapa Dar es Salaam, na gazeti lako nalisoma lindoni kila siku likiwa la jana kwa sababu ofisi ninayolinda wakimaliza kulisoma wananiachia pale mapokezi. Majuzi mliweka makala ndefu kuhusu marais wa Marekani, mila zao na kashfa zao, nimeirudia mara mbili na nimejifunza mengi, ila kwenye Watergate, ile kashfa ya watu wa rais Nixon kuvunja na kuingia ofisi za chama pinzani mwaka 1972, mmeruka mtu na huyo mtu ni mwenzangu wa kazi, siwezi kunyamaza.

Mmemtaja Nixon, mkamtaja jaji Sirica aliyesikiliza ile kesi, mkawataja waandishi wa gazeti la Washington Post walioifukua, alafu kwenye tukio lenyewe mkaandika tu kwamba watu watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic. Sasa nani aliita polisi?

Anaitwa Frank Wills. Kijana wa miaka 24, mtu mweusi, mzaliwa wa Savannah huko Georgia, analipwa dola 80 kwa wiki kulinda lile jengo la Watergate pale Washington. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972 aliingia zamu saa sita, akaanza mzunguko wake, alipofika chini kwenye mlango unaotenganisha ngazi na maegesho ya magari akakuta selotepu imebandikwa kwenye kitasa, ule ulimi wa kitasa umebanwa ndani ili mlango ujifunge bila kujiloki. Akadhani ni mafundi au watu wa usafi wameacha hivyo wakati wanapitisha vitu vyao, akaibandua akaendelea. Baadae aliporudi kuangalia akakuta selotepu imewekwa tena palepale.

Jamani naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana asiyefanya hii kazi ataona ni kitu cha kawaida. Saa saba usiku mwili wote unataka kukaa. Mlango ulishauangalia, shida ulishaitoa, hakuna bosi anaekuona, na ukikuta kitu hakijakaa sawa akili yako yenyewe inakutafutia sababu ya kukiacha, itakuwa ni yule fundi, itakuwa ni upepo, itakuwa mwenyewe sikufunga vizuri. Mimi kuna godauni nililindaga, nikapita mlangoni nikaona kufuli limefungwa vizuri kabisa ila tundu la ufunguo linaangalia ukuta, na nilivyopita mara ya kwanza lilikuwa linaangalia nje. Kufuli haligeuki lenyewe. Nilisimama pale na tochi labda dakika mbili najishauri, naogopa nikipiga filimbi kumbe hamna kitu nitachekwa na nitaonekana muoga. Nikapiga. Walikuwepo watu wawili ndani na walikuwa wameshafunga mizigo, na asubuhi yake kwenye ripoti ya kampuni waliandika mlinzi wa zamu, jina langu halimo. Kwa hiyo ninaposema kilichofanya kazi usiku ule ni jicho la pili la Wills, naongea kitu ninachokijua.

Basi Wills akapiga simu polisi na akaandika kwenye kitabu cha matukio, hiki sisi tunachokiita OB, saa 7 na dakika 47 usiku, kwamba amekuta selotepu kwenye milango na ameita polisi waje wakague. Hicho kitabu mpaka leo kinatunzwa kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Marekani. Polisi walipopanda mpaka ghorofa ya 6 wakawakuta jamaa watano wamevaa glavu za hospitali, wana kamera na vifaa vya kunasia maongezi na noti za dola mia mia ambazo namba zake zimefuatana, na mmoja wao, James McCord, alikuwa ndio mkuu wa usalama wa kamati ya kumrudisha Nixon madarakani. Yote mliyoyaandika nyie, kanda za maongezi ya Nixon zilizorekodiwa ofisini kwake, ile sehemu ya dakika 18 na nusu iliyofutwa, Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua 8 kwa 0 kwamba rais atoe kanda, Nixon kujiuzulu tarehe 9 Agosti 1974 wakati chini ya miaka miwili nyuma alikuwa ameshinda majimbo 49 kati ya 50, yote hayo yalianzia kwenye ule mlango.

Sasa nije kwenye mila, maana hapo ndio paliponiuma zaidi. Mmeeleza vizuri sana jinsi wamarekani wanavyomuenzi mtu aliyewahi kuwa rais. Kuna sheria ya mwaka 1958 inayompa pensheni na ofisi na hela za wasaidizi, na Nixon kwa sababu alijiuzulu mwenyewe kabla hajaondolewa hakuipoteza. Mwezi mmoja tu baada ya Nixon kutoka, Ford aliyechukua nafasi yake akamsamehe makosa yote aliyoyafanya akiwa rais, wakati wasaidizi wa Nixon walienda jela, mpaka John Mitchell aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali alifungwa. Na alipofariki Nixon mwaka 1994, kwenye mazishi yake pale Yorba Linda, California, walikuja marais watano kumzika, Ford, Carter, Reagan, Bush na Clinton aliyekuwa madarakani, wote wamekaa mstari mmoja. Mi sina ubaya na hilo, maiti ni maiti na taifa lina desturi zake.

Ila Wills je? Kampuni yake ilimuongezea dola 2 na nusu kwa wiki. Akaacha kazi, na baada ya hapo akahangaika sana, ajira za maana hakupata tena. Mwaka 1983 alihukumiwa mwaka 1 jela kwa kosa la kuiba raba za dola 12. Alirudi kumuuguza mama yake aliyepigwa na kiharusi, na mama alipofariki hakuwa na hela ya mazishi, mwili akautoa kwa watu wa utafiti wa tiba. Yeye mwenyewe alikufa Septemba 2000 hospitalini Augusta, Georgia, kwa uvimbe kwenye ubongo, ana miaka 52. Hapo hakuna mila iliyomkumbuka.

Nimelinganisha na ile sehemu ya makala mliyoeleza kiapo cha Coolidge, ambayo niliipenda kuliko zote. Rais Harding amefariki ghafla San Francisco Agosti 1923, nyuma yake kuna kashfa ya mafuta ya Teapot Dome inafukuta ambayo baadae ilimpeleka waziri wake Albert Fall gerezani, na makamu wake, ndio huyo Calvin Coolidge, yuko kijijini Plymouth Notch, Vermont, nyumbani kwa baba yake. Saa 8 na dakika 47 usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta ya taa, mzee akamwapisha mwanae kuwa rais wa nchi, kwa sababu alikuwa na cheo cha kuapisha watu hapo kijijini. Na jina la yule mzee mmeliandika, John Coolidge. Mmefanya vyema, kwa sababu bila yeye ule usiku haueleweki.

Basi na ule wa Watergate bila Wills haueleweki. Ombi langu ndugu mhariri ni mtoe japo aya moja ya nyongeza kwenye toleo lolote, muweke jina lake kamili na kazi yake, muandike mlinzi wa zamu ya usiku. Gazeti lako halisomwi na mabosi peke yao, linasomwa na walinzi kibao mageti yote kuanzia Posta mpaka Mbezi, na wengi wetu tukilifungua mnakuwa mmeshalala.

Msomaji wako,
Mlinzi, Dar es Salaam