Mwanangu, usiwaingize wajukuu wangu Amani bila mwongozaji

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, sisi hapa Muheza hatujambo, ila goti la mama yako, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Nimepata habari kwamba likizo hii ya Desemba mtakuja na watoto, na kwamba mmepanga kupanda hadi hifadhi ya Amani, huko juu milima ya Usambara, kutembea msituni kutwa nzima. Nilifurahi, lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu ya lile neno lako kwamba mwongozaji hamumhitaji, kwa kuwa mumeo ana ramani kwenye simu.

Ramani hiyo haijui mti ulioangukia njia jana jioni. Chini ya miti ile, ambayo mingine ilikuwa mikubwa tayari Wajerumani walipoanzisha bustani yao ya mimea mwaka 1902, saa tisa alasiri huweza kuwa na giza la magharibi, na ukungu ukishuka humwoni aliye hatua kumi mbele yako. Watu huudharau msitu ule kwa sababu hauna simba wala tembo. Mimi naogopa ukimya wake: mtoto akibaki nyuma kumtazama kinyonga, hakuna atakayesikia kwamba hatua zake zimekoma.

Siku ile tuliyopotea Kwamkoro, ndani ya msitu huohuo, sina haja ya kukuandikia, kwani uliyeketi chini ya mti kuningoja ni wewe. Naongeza tu kwamba mama yako nilimwambia tumecheleweshwa na mvua. Mvua ilinyesha kweli, ila ilianza tukiwa tumekwisha kupotea. Hifadhi ilikuwa bado changa, maana ilitangazwa mwaka 1997, nami niliyewahi kula mshahara wa msumeno katika milima hiyohiyo niliona ni aibu kuonyeshwa njia na kijana wa getini, tena kwa bei ambayo leo haitoshi soda mbili.

Umesoma kuliko ukoo wetu wote, na ninapopita sokoni nalitaja jina lako hata nisipoulizwa. Kiburi cha kutouliza njia, hata hivyo, hukukipata shuleni.

Basi simameni lango la Zigi, lipeni ada, mchukue mwongozaji hapohapo, na muwe mmeanza kutembea saa mbili asubuhi, kwa sababu vuli ikichelewa kuisha udongo ule huteleza kama sabuni. Watoto wavae viatu vya kufunika mguu, si zile kandambili nilizoziona kwenye picha. Mwombe awaonyeshe ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu. Ulaya hulipanda kwenye vyungu vya madirishani, na wengi wao hawajui kwamba asili yake ni huku kwetu. Wasilichume. Mbega atawaona yeye kabla ninyi hamjamwona. Na yule mkubwa anayependa kuuliza maswali mwambieni kwamba maji ya Mto Zigi ndiyo yanayonyweka mjini Tanga, ili ajue kwa nini babu yake hapendi tena kuzungumzia kazi yake ya zamani.

Mama yako amewawekea hiliki na mdalasini, na anaomba mje na ile dawa ya kuchua. Mabati mawili ya chumba cha mashariki yameng'olewa na upepo, kwa hiyo mtalala sebuleni, isipokuwa fundi atimize ahadi yake, na ahadi zake unazijua. Mbuzi mweupe amezaa pacha.

Ukinijibu, usianze na habari za mabati wala za mbuzi. Anza kwa kunieleza kama mumeo amekubali kumchukua mwongozaji, na kama hajakubali, mpe simu niongee naye mwenyewe.

Ni mimi,
Baba yako