Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kumbukumbu za Mwenendo wa Wanafunzi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninawasilisha taarifa ya kazi za chama chetu cha walimu wa malezi na unasihi kwa mwaka huu, ambao sehemu yake kubwa tumeitumia kubadili namna tunavyotunza kumbukumbu za mwenendo wa wanafunzi.

Sote tunalifahamu daftari la adhabu. Kanuni za Tanzania za 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni, zilizoweka kikomo cha viboko vinne, zinaagiza kila adhabu ya viboko iandikwe, nasi tumeandika: jina, kosa, idadi ya viboko, sahihi. Daftari hilo halisemi kosa lilitendeka wapi, saa ngapi, wala lilitanguliwa na nini, hivyo mwalimu anaweza kulijaza miaka mingi asipate humo la kumsaidia mtoto hata mmoja.

Fomu tunayoijaribu imeazima maswali yake kutoka SWIS, mfumo wa kutunza kumbukumbu za mwenendo wa wanafunzi ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani: nini kimetokea, wapi, lini, nani amehusika na kwa nini. Tunaijaza kwenye vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, ambavyo Serikali iliwagawia walimu baadaye, na shule zisizo na umeme wa uhakika huijaza kwanza kwenye karatasi.

Katika shule mojawapo, mwalimu wa nidhamu aliamini kwamba ugomvi unaletwa na wavulana wawili wa darasa la sita. Kumbukumbu za muhula mmoja zilipopangwa kwa mahali na saa, ilionekana kwamba karibu kila ugomvi ulitokea bombani, dakika chache baada ya kengele ya uji, kwa sababu shule nzima ilikuwa ikikimbilia bomba moja kuosha vikombe. Madarasa yakapangiwa zamu, mwalimu wa zamu akahamia karibu na bomba, na majina ya wale wavulana hayakuonekana tena kwenye fomu. Niliyaona marekebisho hayo kwa macho yangu, na ninakiri yalinigusa, kwani watoto wale walikwisha kuchapwa mara kadhaa kwa msongamano ambao hawakuusababisha.

Lipo pia jambo lililotusikitisha. Orodha ya wanafunzi walioitwa watukutu, iliyotokana na kumbukumbu hizihizi, ilisambazwa katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule mojawapo, na mtoto mmoja akakataa kurudi darasani kwa siku kadhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa taarifa nyeti, na Kamati inaona kwamba hapo tulichelewa: tulifundisha kujaza fomu kabla ya kufundisha kuitunza.

Kwa upande wa fedha, gharama kubwa ilikuwa bando la intaneti na uchapaji wa fomu. Mhazini atawasilisha hesabu kamili.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo matatu: kumbukumbu zifunguliwe na mwalimu wa malezi na mkuu wa shule pekee, mzazi aoneshwe za mwanawe tu, tena ana kwa ana, na jina la mwanafunzi lifutwe anapohitimu, yabaki mahali na saa.