Barua kwa mwanangu: wimbo wa sikioni na wimbo wa kusanyiko

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisoma. Wenzako wanakuambia asiyependa nyimbo mpya za sifa amepoa kiroho, wazee wanakuambia ngoma na gitaa la umeme ni mambo ya dunia, na wewe umebaki katikati. Sitakujibu "sikiliza" wala "acha". Nataka ujue kuupima wimbo mwenyewe, maana nyimbo zitaendelea kutoka kila wiki na sitakuwa pembeni yako kila wiki.

Jambo moja liweke mbele ya yote. Kuna wimbo wa kusikiliza, na kuna wimbo wa kuimbwa na kusanyiko. Kazi zake ni mbili tofauti, na sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na kuzichanganya. Aliyefarijiwa na wimbo usiku akiwa peke yake anataka uimbwe Jumapili na watu wote. Aliyeona Jumapili kwamba hauimbiki anataka uzimwe hata chumbani. Kila mmoja ana hoja, lakini anaipeleka mahali pasipo pake.

Mchanganyiko huo una historia. Muziki wa Kikristo wa kisasa ulianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, hasa California, pale vijana wengi wa kizazi cha mahipi walipomgeukia Kristo wakaingia kanisani na magitaa yao. Mwanamuziki Larry Norman alitoa albamu ya Upon This Rock mwaka 1969, muziki wa roki wenye ujumbe wa Injili, wa kusikilizwa. Mwaka 1971 kanisa la Calvary Chapel la Costa Mesa likaanzisha Maranatha! Music, na hao walirekodi mapambio mepesi ambayo watu waliyaimba pamoja. Vilikuwa vijito viwili tangu mwanzo. Kile cha kwanza kilifika mbali sana: mwaka 1991 mwimbaji wa Injili Amy Grant alishika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati ya nyimbo za kawaida ya Marekani, kwa wimbo usiomtaja Mungu kabisa, na mabishano yakawaka. Kile cha pili kilibadilika polepole. Makanisa kama Hillsong la Sydney yalirekodi ibada zao mbele ya umati na kuziuza kama albamu, na hapo wimbo wa kusanyiko ukawa pia bidhaa ya kusikilizwa. Ndiyo maana leo unasikia wimbo mmoja redioni, kwenye simu na kanisani, ukiwa na mwimbaji yuleyule, ufunguo uleule (kimo cha sauti ambacho wimbo umewekwa) na urefu uleule wa dakika nane.

Anza na maneno. Chukua wimbo unaoupenda, andika maneno yake yote kwa mkono, muziki ukiwa umezimwa. Kinachorudiwa kiandike mara moja tu. Pigia mstari kila kitenzi, na pembeni andika mtendaji ni nani: Mungu, au mimi. Mfano huu nimeutunga ili nisimwonee mtu:

Niinue, nifunike,
nijaze mpaka nifurike;
siogopi tena mawimbi,
wewe ni wangu milele.

Vitenzi vitatu vya kwanza ni maombi. Viwili vinavyofuata, kufurika na kutoogopa, ni vyangu mimi. Alichokwisha kufanya Mungu hakimo hata kimoja. Hakuna uongo hapo, na sitasema ni wimbo mbaya. Lakini uweke kando ya Zaburi 46. Nayo inasema "hatutaogopa", ila imetanguliwa na "kwa hiyo", na kabla ya "kwa hiyo" kuna sababu: "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu." Wimbo wangu una ushujaa usio na sababu. Katika siku njema utaimbika vizuri. Siku ya msiba mwimbaji atatafuta pa kushika asipaone. Kwa hiyo katika kila wimbo tafuta "kwa maana" na "kwa kuwa" zake. Kama hazimo kwa maneno, tazama kama zimo kwa maana.

Hapa jihadhari na wakosoaji wanaokosea. Wapo wanaohesabu "mimi" na "yangu", na wakishazipata nyingi wanautupa wimbo. Kwa kipimo hicho Zaburi ya 23 ingetupwa pia. Wengine wanachukia marudio. Zaburi 136 ina mistari 26, na kila mstari unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele." Tofauti ni kwamba karibu kila marudio pale yanabeba tendo jipya: uumbaji, kutoka Misri, jangwa, chakula. Basi usiulize wimbo unarudia mara ngapi. Uliza kila unaporudia umeleta nini. Wala wimbo mmoja haulazimiki kusema yote. Pima orodha nzima. Chukua nyimbo kumi unazozisikiliza zaidi, uone ngapi zinataja dhambi, msalaba, ufufuo, kurudi kwa Kristo, na ngapi zinalia. Hiyo ya mwisho huwa ndiyo pengo kubwa. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo, na ile ya 88 inaishia gizani bila kufunguka. Vituo vya redio vinavyojitangaza kwa kutia moyo havina nafasi ya wimbo wa namna hiyo, hivyo usipoutafuta mwenyewe hautakujia.

Sasa muziki wenyewe. Nyimbo nyingi za kisasa za kuabudu zinasimama juu ya kodi (chords) nne za gitaa. Katika ufunguo wa G ni G, D, Em na C, zikizunguka kwa mpangilio huu au ule. Mwendo ni wa taratibu. Ubeti huanza chini, kiitikio kinapanda, halafu linakuja daraja: mistari miwili mitatu inayorudiwa huku ngoma ikiongezeka kidogo kidogo, kisha vyombo vyote vinakatika ghafla, sauti za watu zinabaki peke yake, na ngoma inarudi kwa kishindo. Mwili unasisimka. Utasisimka hata kwenye muziki usio na neno moja la Mungu, maana ndivyo mwili ulivyoumbwa kuitikia sauti inayojengeka na kuachiliwa. Msisimko huo si ushahidi wa Roho Mtakatifu, na si ushahidi wa shetani. Ukitaka kujua umeguswa na nini, soma maneno ya daraja kesho yake asubuhi kukiwa kimya. Paulo anasema, "nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia". Asubuhi ile ni zamu ya akili.

Kwa kusikiliza, muundo huo hauna shida. Kwa kusanyiko una kasoro moja ambayo watu huiita kiburi cha waimbaji, kumbe ni hesabu ya sauti. Watu wa kawaida wakiimba pamoja, wanawake wako vizuri kuanzia noti ya A iliyo chini ya C ya kati mpaka D ya juu, na wanaume vivyo hivyo oktava moja (ngazi nane za noti) chini yao. Rekodi nyingi zimewekwa kwenye ufunguo wa mwimbaji mwenye sauti nyembamba ya kiume. Wimbo ukirekodiwa kwenye B, kiitikio kikigusa F# ya juu, mwimbaji anang'aa na kusanyiko linanyamaza. Ushushe kutoka B mpaka G, yaani nusu-toni nne, na ile F# inakuwa D. Hapo watu wanaimba.

Lakini tatizo linaweza kuhamia chini. Nyimbo hizi hupenda kuanza ubeti oktava ya chini kisha kuruka oktava nzima kwenye kiitikio cha mwisho. Ukishusha ufunguo, ubeti unazama na watu wananong'ona. Dawa ni kuachana na mruko huo: imbeni oktava moja tangu mwanzo, au mwachie mtu mmoja ubeti na wote waingie kwenye kiitikio. Na kama tuni ina mapigo yaliyokatwakatwa ambayo hata wapigaji wanayahesabu kwa taabu, kubali kwamba ni wimbo wa kusikiliza. Usikilize nyumbani kwa furaha.

Hoja ya ngoma. Zaburi 150 inataja matari, zeze, filimbi na matoazi yavumayo sana, kwa hiyo anayesema chombo fulani kina uovu ndani yake ana kazi ngumu. Lakini usiwadharau wanaoimba bila ala yoyote. Wanasema Agano Jipya linaagiza kuimba na halitaji ala katika ibada ya kanisa. Makanisa mengi ya Kiorthodoksi ya Mashariki yanaimba hivyo mpaka leo, na baadhi ya makanisa yaliyotokana na Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 pia. Zürich, wakati wa mwanamatengenezo Zwingli, vinanda vya kanisani vilinyamazishwa. Geneva walikamilisha kitabu chao cha Zaburi mwaka 1562 na waliziimba ibadani bila kinanda. Kisha Mwingereza Isaac Watts alipotoa tenzi zake mwaka 1707 alipingwa na waliotaka Zaburi pekee, na tenzi hizo ndizo wazee wengi leo wanaziita za zamani. Thomas Dorsey, aliyekuwa mpiga bluzi (blues), alipoleta mapigo yake kanisani Chicago miaka ya 1930 alifungiwa milango, na nyimbo za aina yake leo zinaimbwa mazishini na watu wanaokataa bluzi.

Upande wa wanaotetea nao wana hoja mbovu, na ningependa usiitumie: kwamba Martin Luther alichukua tuni za vilabu vya pombe. Ushahidi haupo. Tuni nyingi alizitunga au alizichukua kwenye nyimbo za kanisa za zamani. Wimbo wake mmoja wa Krismasi aliuanza kwa tuni ya mitaani, na mwaka 1539 ukachapishwa na tuni mpya. Ukiitumia hoja hiyo mbele ya anayejua, hata zile nzuri ulizo nazo hatazisikiliza.

Hoja nzito kuliko zote kwangu ni ya mafundisho na fedha. Nyimbo nyingi zinazoimbwa duniani leo zinatoka katika makanisa machache makubwa, na baadhi ya mafundisho yao yanapingwa na Wakristo makini. Tangu mwaka 1988 shirika la CCLI linatoa leseni kwa makanisa za kunakili na kuonyesha maneno ya nyimbo zenye hakimiliki; kanisa linalipa kwa mwaka kulingana na ukubwa wake, linaripoti nyimbo lilizoimba, na watunzi wanagawiwa. Kwa hiyo anayesema kuimba nyimbo zao ni kuwachangia anasema kweli, ingawa kiasi kinachotokana na wimbo mmoja katika kanisa moja ni kidogo. Wengine wanajibu kwamba neno la kweli ni la kweli hata likitoka kinywa gani. Nalo ni kweli. Mimi naamua hivi: chumbani, maneno yakiwa safi, sikiliza. Kwenye kusanyiko, usipeleke wimbo wa watu ambao mahubiri yao usingeyaruhusu mimbarani, kwa sababu kijana akiupenda wimbo atatafuta jina la walioimba, na video inayofuata itakuwa mahubiri. Kwa sababu hiyohiyo, zima kitufe cha kucheza video inayofuata yenyewe. Orodha yako itengeneze wewe, programu isikutengenezee.

Na masikio yako. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha usalama kuwa saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika 90 zinabaki saa 4 tu. Baadhi ya simu zina sehemu ya kuonyesha kiwango hicho kwenye mipangilio ya sauti. Iangalie. Wimbo unaojengeka unakuvuta upandishe sauti kwenye ubeti wa kimya, kisha ngoma inarudi ikukute huko juu. Weka sauti wakati wa kiitikio, usiweke mwanzoni.

Limebaki la dhamiri. Warumi 14 inamkataza anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Kuna mtu ambaye mdundo fulani unamrudisha kwenye maisha aliyoyaacha. Huyo akiwa karibu, zima, wala usimdai maelezo. Kuna mwingine ambaye hapendi tu. Huyo mheshimu, lakini huhitaji kujificha kwake. Ukitaka kuwatofautisha, muulize kwa upole wimbo unamfanya nini, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Yule mzee anayekemea gitaa, mwombe akufundishe utenzi mmoja anaoujua kwa moyo, ubeti wote, na sauti ya pili kama anaijua. Uandike maneno yake ukapige mistari chini ya vitenzi, kipimo kilekile.

Nitumie nyimbo zako kumi, maneno tu, bila majina ya waimbaji. Nami nitakuandalia kumi zangu, tuzipitie pamoja ukija.

Mama yako