Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Laini Yako, Jina Lako

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Assalaam alaykum.

Mwaka 2023, Rais William Ruto alipotutambua Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya Kenya, wengi wetu tulidhani chombo kimeshatia nanga. Vitambulisho vikaanza kutoka, tukashukuru. Mwaka huu tulipopita vijijini Kilifi na Kwale, kila nyumba tuliuliza swali moja: laini ya simu unayotumia ina jina la nani?

Majibu yaliniumiza sana. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini, na bila laini huna M-Pesa, kwa hiyo kwa miaka mingi tuliishi kwa majina ya kuazima. Mvuvi mmoja alinitolea simu yake mfukoni, kioo kimepasuka, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Humo alikuwa akiweka akiba ya kununua mashine ya boti, kidogo kidogo, kila bamvua. Laini ikaharibika. Kwa wakala akaambiwa mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho. Mwenye laini alishafariki. Tunafuatilia pamoja na warithi wa marehemu, na mpaka leo naandika, mzee huyu hajapata hata shilingi.

Vijana wetu wa kujitolea hukaa barazani kila Ijumaa baada ya swala, wakiwasaidia watu kusajili laini mpya na kubadilisha namba za siri ambazo mtaa mzima unazijua. Nimewakataza kuandika namba ya siri ya mtu yeyote, hata ya bibi zao. Kazi yao nimeiona kwa macho na nawashukuru.

Kuhusu habari za serikali: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumwandikia. Kina mama wetu wamerudishwa mlangoni kwa kuambiwa walete barua. Hilo si sawa, na wasikubali tena. Chama kiliandika barua tatu kuhusu vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Sheria inatoa siku 21. Moja ilijibiwa vizuri, mbili kimya. Kamati imeamua tuzipeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hii.

Shimoni na Vanga tulifika mara moja tu, Wasini hatukufika kabisa. Nauli ilituishia, na nawaomba radhi wenzetu wa huko. Mwaka ujao tutaanza nao, kabla kusi haijachafua bahari.

Hesabu zitasomwa na mhazini mkutanoni. Wenye laini za kuazima, msizitupe kabla ya kutoa pesa zilizomo. Njooni barazani na vitambulisho, na kama mwenye laini yu hai, mje naye.